Siri Inamfunga Padri, Haitufungi Sisi: Ilani ya Kuwalinda Watoto wa Bagamoyo

Sisi tunaoweka sahihi chini ya ilani hii ni wazazi na walezi, makatekista, walimu wa shule na wa madrasa, wauguzi, makungwi, wavuvi, mama lishe na waendesha bodaboda wa Bagamoyo, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Kaole, Zinga, Mlingotini na Makurunge. Wengi wetu ni Waislamu, kama ulivyo mji wenyewe. Wengine ni Wakatoliki, na hao ndio walioanza kulisema jambo hili, kwa kuwa kisingizio chake kimechukuliwa kutoka kanisani kwao. Tumeungana kwa sababu mtoto anapoharibiwa na mtu mzima hapa kwetu, wanaojua huwa wengi, na anayekwenda kutoa taarifa hapatikani.

Tukiuliza kwa nini hakuna aliyesema, jibu huja limevaa kanzu ya dini. Katekista anasema aliambiwa na mama wa mtoto baada ya Misa, na mambo ya kanisani ni siri. Kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo anasema yalitajwa kwenye sala, hayatoki. Mzee wa ukoo anasema padri anajua, kwa hiyo limefika. Wote wanaegemea siri ya kitubio, na hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa siri hiyo. Neno letu ni hili: siri ya kitubio inamfunga padri, kwa aliyoyasikia akiungamisha, basi. Sisi wengine haitufungi na haijawahi kutufunga.

Tuieleze siri yenyewe, maana wapo wanaoitetea na wapo wanaoishambulia, na pande zote mbili wengi hawaijui. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwaamuru waamini waungame walau mara moja kwa mwaka. Papo hapo ukaamuru kwamba padri atakayetoa siri ya muungamaji avuliwe kazi ya upadri na afungiwe katika monasteri kali, afanye toba maisha yake yote. Sheria za Kanisa za leo, kanuni ya 983, zinamkataza padri kumsaliti muungamaji kwa neno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Kanuni ya 984 inaongeza kwamba hata kama hakuna atakayegundua, padri haruhusiwi kukitumia alichokisikia kumdhuru aliyeungama. Paroko aliyemwungamisha mwalimu wa kwaya leo hawezi kumwondoa kwayani kesho kwa ajili ya maungamo hayo. Anayeivunja siri waziwazi anatengwa na Kanisa papo hapo, bila kungoja hukumu, na kumfungulia ni kazi ya Kiti Kitakatifu peke yake.

Hatuombi siri hiyo ivunjwe. Wakatoliki walio miongoni mwetu wameishi kwayo. Mwenye cheo na asiye na cheo, mke anayeogopa mumewe, kijana aliyeiba kazini, wote wanapiga magoti mahali pamoja na kujua kwamba yaliyosemwa hayatafika sokoni. Katika mji mdogo ambamo ukikohoa Mwanakerenge wanasikia Nianjema, mahali pa namna hiyo ni hazina. Mapokeo ya Kanisa humkumbuka Yohane wa Nepomuk, padri aliyetoswa mtoni Praha mwaka 1393, na husimulia kwamba kosa lake lilikuwa kukataa kumwambia mfalme aliyoyaungama malkia. Hivyo ndivyo siri hii ilivyokusudiwa: imkinge mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Tunachokikataa ni kumkinga mwenye nguvu dhidi ya mtoto.

Na kuna jambo ambalo halifundishwi vya kutosha katika mafundisho yetu. Siri haimfungi anayeungama. Muungamaji anaweza kutoka nje akasema kila alichokisema na kila alichoambiwa, na hana dhambi. Kanisa lenyewe lililijua hilo tangu zamani. Sheria zake za mwaka 1917 zilimtaka mwamini aliyetongozwa na padri ndani ya kitubio amshtaki padri huyo ndani ya mwezi mmoja. Kutongoza kitubioni ni kosa kubwa katika sheria za Kanisa hadi leo. Kwa hiyo mtu mzima akimwambia mtoto kwamba yaliyotokea kitubioni hayasemwi, amemdanganya, na mtoto ajue hivyo kabla hajapiga magoti mara ya kwanza.

Siri ikishaelezwa kwa mipaka yake, yote yanayobaki yako nje. Aliyoambiwa padri ofisini si kitubio. Aliyoambiwa sakristia akivua kanzu, aliyoandikiwa kwenye simu, aliyoyaona kwa macho yake katika uwanja wa parokia, hayo si kitubio. Aliyoambiwa sista, katekista, mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu au jirani, hayo yako mbali zaidi na kitubio kuliko Bagamoyo na Roma. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi, na Machi 2023 akaifanya ya kudumu. Inamlazimisha kila padri na mtawa anayepata habari kwamba kleri au mtawa mwenzake amemdhalilisha mtoto atoe taarifa bila kuchelewa, isipokuwa habari iliyopatikana katika huduma ya undani wa dhamiri. Desemba 2019 akaondoa siri ya kipapa, yaani usiri rasmi wa ofisi za Kanisa, katika mashauri hayo. Roma imefungua milango hiyo, na sisi huku tumeendelea kuishikilia kwa nje.

Tuseme sasa tunavyonyamaza, kwa sababu tumekaa kwenye vikao hivyo na tunajua mwendo wake. Jamvi linatandikwa barazani. Wazee wa pande mbili wanakaa, na anayetuhumiwa anakuja na mjomba wake. Mama wa mtoto anaambiwa akae ndani, ataitwa. Mzee anayefungua mazungumzo anasema sisi ni ndugu, tusifike mbali. Mtoto mwenyewe anatumwa dukani kuchukua sukari na majani ya chai ya wazee waliokuja kumjadili. Anaporudi inambidi apite mbele ya yule mtu, na tumeona anavyopita: ubavu ubavu, mgongo ukigusa ukuta, mfuko wa sukari ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuna anayemtazama. Baadaye zinatajwa fedha, au mbuzi, na kama ni binti aliyevunja ungo hutajwa hata ndoa, ingawa Mahakama ya Rufani mnamo Oktoba 2019 ilithibitisha ushindi wa Rebeca Gyumi wa mwaka 2016 dhidi ya vifungu vinavyoruhusu kumwoza binti wa chini ya miaka 18. Inasomwa Fatiha, au Baba Yetu. Watu wanaagana kwa heri, na yule mtu anabaki mtaa uleule.

Kuna hesabu ambayo kikao hicho hakiifanyi. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, nguo zake zisifuliwe. Kikao kikiitwa Alhamisi na kikaahirishwa hadi Jumatatu kumngoja baba mkubwa atoke Tanga, saa zimekwisha, ushahidi umefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Wazee wetu wanaona wamelinda heshima ya ukoo. Mtoto amepoteza dawa na kesi kwa siku zile zile.

Waislamu tuliomo humu tuna la kwetu. Tumefundishwa kusitiri aibu ya mwenzetu, na ni mafundisho mema. Lakini sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Dhulma aliyofanyiwa mtu ni haki ya mja, na haki ya mja haifutiki kwa toba ya aliyedhulumu mpaka aliyedhulumiwa apate haki yake. Kila mwalimu wa madrasa anaijua mas'ala hii. Anaifundisha kwa mfano wa deni na wa mali ya yatima. Tunamtaka aifundishe pia kwa mwili wa mtoto. Mwalimu anayejua kwamba mwenzake anawagusa watoto na akasema Mwenyezi Mungu atamhukumu, amewaacha watoto wa watu mikononi mwa huyo mtu hadi Kiyama.

Makungwi nao wamo, na wamelisema wenyewe kabla hatujawauliza. Anayemcheza mwali wa Kikwere au Kizaramo anasikia ambayo mama mzazi hayasikii, na mara nyingine anaona kwa macho yake kwamba mtoto aliumizwa kabla hajaletwa ndani. Siri za unyago zina heshima yake na hatuzigusi. Jeraha la mtoto halimo katika mafundisho ya unyago, kwa hiyo halimo katika siri zake.

Nchi hii ina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo lake. Mwanajamii yeyote: haikumtoa sheikh, haikumtoa mchungaji, haikumtoa padri, haikumtoa shangazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilileta kifungo kisichopungua miaka 30 kwa anayebaka, na maisha kwa anayembaka binti wa chini ya miaka 10. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la namna hii kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli. Yapo madawati ya jinsia na watoto ya polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, ipo namba 116 inayopigwa bure.

Kwa nini basi hatusemi? Tumelijadili sana, na tunaamini sehemu kubwa ya jibu ni hiyo hiyo miaka 30. Anayeharibu mtoto mara nyingi si mgeni. Ni baba wa kambo, ni kaka wa mama, ni mwalimu wa masomo ya jioni, ni mwenye chombo ambaye nyumba nne zinakula kwa nyavu zake. Mama anajua kwamba akienda polisi atalala njaa na ndugu wa mume watamfukuza nyumbani. Atakayemwambia mama huyo "toa taarifa" na kumwacha hapo hapo, hajamsaidia. Ndiyo maana harakati hii haitaishia kwenye kuripoti. Anayetoa taarifa atasindikizwa: atapatiwa mtu wa kukaa naye foleni ya PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, nauli ya kwenda hospitali na mahakamani, na unga wa nyumbani wakati shauri linaendelea. Fedha hizo tutachanga wenyewe, kama tunavyochangia misiba na harusi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulikuta kwamba wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ichukueni hesabu hiyo mwende nayo kwenye darasa la mafundisho, au kwenye mkeka wa madrasa, mhesabu vichwa.

Sasa tuingie kitubioni, hadi pale sheria ya Kanisa inapotuachia tufike. Mtoto wa darasa la tatu au la nne anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Amefundishwa kuzitafuta dhambi zake kwa kuzipitia amri za Mungu moja moja. Akifika ya sita anakumbuka jambo alilofanyiwa na mtu mzima, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo, analihesabu kuwa lake. Anapiga magoti, anasema nimedokoa sukari, nimewajibu wazazi, nimefanya mambo mabaya na baba mdogo. Analisema la tatu kwa sauti ile ile ya mawili ya kwanza.

Padri aliye upande wa pili wa kimia cha kitubio ana dakika chache, na nyuma ya mtoto huyo wako wengine thelathini kwenye mstari. Hapa ndipo tunapodai kila padri awe amefundishwa la kufanya, tena kabla hajakutana nalo. Mwaka 2019 Idara ya Toba ya Kitume ya Roma ilitoa waraka kuhusu siri ya kitubio. Watu wengi waliuona kama ukuta tu, kwa sababu unakataa katakata siri kuguswa na serikali yoyote. Lakini ndani yake mna agizo ambalo halijatangazwa mimbarini: muungamaji akiwa ni mtu aliyetendewa uovu na wengine, muungamishi amweleze haki zake na njia halisi za kisheria za kulifikisha jambo hilo mbele ya serikali au Kanisa ili apate haki. Maana yake padri huyo anaweza, tena inampasa, kumwambia mtoto pale pale: hiyo si dhambi yako. Amuulize kama kuna mtu mzima mwingine anayejua. Amtajie mtu wa kumwendea leo, si Jumapili ijayo. Amwambie kwamba akimaliza kuungamisha atakaa kwenye benchi chini ya mwembe, mahali ambapo kila mtu anamwona, na mtoto akitaka aje amwambie tena. Akilisema tena pale kwenye benchi, siri ya kitubio haipo. Pale padri ni mwanajamii wa kifungu cha 95 kama sisi sote, na anainuka kwenda Dawati na mtoto pamoja na mtu anayemwamini.

Mtoto asipokuja kwenye benchi, padri hawezi kumfuata. Hilo ni gumu, na hatulifuniki. Ndiyo maana tunataka mtoto awe ameambiwa yote haya darasani, na katekista, na mama yake, kabla hajafika kwenye mstari ule: kwamba kuna mambo ambayo si dhambi yake hata kama mwili wake uliyafanya, na kwamba siri haimfungi yeye.

Akiungama mtenda mwenyewe, ugumu unazidi. Waraka huo huo unasema padri hawezi kuweka kujisalimisha polisi kuwa sharti la ondoleo. Lakini hakuna ondoleo bila majuto na nia ya kuacha, na hiyo ni imani ya Kanisa tangu zamani. Mtu anayekataa kuhama nyumba anamolala na mtoto anayemuumiza, anayekataa kuacha kufundisha watoto, anayekataa kuja kuzungumza nje ya kitubio, hajaonyesha nia ya kuacha, na asiye na nia hiyo hafunguliwi. Tunawaomba mapadri wetu wasiwe wepesi hapo. Mwaka 2004 padri mmoja wa jimbo la Rockhampton, Australia, aliyekuwa amehukumiwa kwa kuwanajisi watoto, aliandika kwa kiapo kwamba katika miaka 25 aliungama dhambi hiyo yapata mara 1,500 kwa mapadri wapatao 30. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa akipewa sala. Wapo Wakatoliki kati yetu waliosoma habari hiyo wakashindwa kuungama kwa muda mrefu, na tunawaelewa.

Shauri kama hilo ndilo lililoifanya Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza udhalilishaji wa watoto, mwaka 2017, ishauri kwamba kitubio kisisamehewe katika sheria za kutoa taarifa, na majimbo kadhaa ya huko, kama South Australia na Victoria, yakatunga sheria hizo. Marekani, katika jimbo la Washington, gavana alisaini sheria ya namna hiyo Mei 2025. Maaskofu wakaenda mahakamani, jaji wa shirikisho akaizuia Julai, na Oktoba serikali ya jimbo ikakubali kutowadai mapadri waliyoyasikia kitubioni. Wajibu wao wa kutoa taarifa ya yote waliyoyajua kwa njia nyingine ukabaki.

Tumebishana juu ya mfano huo usiku mwingi. Wapo waliosema tudai kama Australia. Tulikofika mwisho wa mabishano ni huku: hatudai. Mtenda akijua kwamba kimia kina polisi nyuma yake, hataungama, na hapo anapotea mtu pekee ambaye angeweza kumwambia hama nyumba hiyo leo. Tena padri wa kitubioni mara nyingi hajui jina la anayemsikia, wala la mtoto. Lakini sababu kubwa kwetu ni nyingine. Pande zote zikipigana kwenye mlango wa kitubio, hakuna anayewaangalia waliokaa barazani. Miezi mitano ya kesi kule Washington iliishia pale ambapo hakuna aliyekuwa anabisha: nje ya kitubio, kila kiongozi wa dini aseme. Tunataka kuanzia pale wao walipomalizia.

Kwa hiyo tunaliomba Bunge mambo mawili kwa pamoja, na hatukubali moja bila lingine. Leo Sheria ya Ushahidi inayalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake, na ya mke na mume, wala haiyataji ya padri na muungamaji. Iandikwe wazi kwamba padri hataulizwa aliyoyasikia akiungamisha. Na iandikwe wazi, kwa kuwataja kwa vyeo vyao, kwamba padri, mchungaji, sheikh, imamu, mwalimu wa madrasa, katekista, mtawa na kungwi watatoa taarifa ya kila walichokijua kwa njia nyingine, ndani ya saa 24, kwa polisi au ustawi wa jamii. Tunasema polisi au ustawi wa jamii kwa sababu mwenyekiti wa mtaa naye ni shemeji wa mtu, na tumeona taarifa zikifika mezani kwake na kugeuka kuwa kikao kingine.

Kwa Baba Askofu Stephano Musomba tunakuja na ombi la watoto wake. Jimbo la Bagamoyo liliundwa Machi 2025, likimegwa kutoka Dar es Salaam na Morogoro, na jimbo changa linaandika kanuni zake sasa. Tunaomba ziwepo kanuni zisizosubiri mtu aungame. Mtu mzima asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana, awe padri, awe mfadhili wa kigeni aliyekuja kujitolea. Maungamo ya watoto yafanyike mahali pa wazi kanisani, kwenye kimia, huku mtu mzima mwingine akiwaona bila kuwasikia. Kwaya, mafundisho na kambi za Utoto Mtakatifu ziwe na wasimamizi wawili daima. Paroko akifuata kanuni hizo hahitaji kutumia alichokisikia kitubioni ili kumweka mtu mbali na watoto, kwa kuwa kanuni imekwisha kumweka mbali kila mtu. Kanuni hizo hizo tunazipeleka Bakwata, kwa wamiliki wa shule za bweni na kwa kila madrasa itakayotupokea.

Mji huu una deni la pekee kwa watoto. Wageni wanaofika Misheni huonyeshwa mnara alikolazwa maiti ya Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874. Tungependa waambiwe kwanza kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868, waliozijaza nyumba zile walikuwa watoto waliotolewa utumwani. Miongoni mwa habari walizoziandika wamisionari hao ni ya Suema, binti Myao aliyefukiwa akiwa hai Unguja na wenye msafara waliomwona hafai kuuzwa, akafukuliwa na mpita njia na kupelekwa kwa masista. Baadaye aliletewa majeruhi wa kumuuguza, akamtambua kuwa ndiye mtu aliyemwua mama yake, na akamsamehe. Wamisionari waliisambaza habari hiyo Ulaya kama ushindi wa msamaha, na hatutaki kumpunguzia Suema hata chembe ya ushindi wake. Lakini msamaha wa Suema haukulifunga soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba na kwa sheria. Na msamaha ulikuwa wake yeye, alioutoa yeye, siku aliyoweza. Mtoto wa leo anaambiwa barazani, "Msamehe mjomba," kabla jeraha halijakauka, na wanaomwambia hawakumuuliza.

Kazi yetu ya kwanza itakuwa ndogo. Katika kila darasa la mafundisho na kila madrasa itakayotukaribisha, watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakwenda kuwaambia watoto mambo manne: mwili wako ni wako, ukiumizwa si dhambi yako, hakuna siri inayokufunga wewe, na huyu hapa ndiye wa kumwambia. Huyo wa kuambiwa atasimama mbele yao wamwone sura. Pembeni ya ubao itaandikwa 116.

Atakayetaka kujiunga hatatoa kiingilio wala hataulizwa dini yake. Ataahidi kwa maandishi kwamba hatakaa tena kwenye kikao cha kumaliza kinyumbani shauri la mtoto, hata kikiitishwa na baba yake mzazi, na kwamba akisikia, atakwenda kusema siku hiyo hiyo. Mlango uko wazi pia kwa aliyewahi kukaa kwenye vikao hivyo, maana tungewafungia hao, tungebaki wachache sana. Ila kabla ya kuweka sahihi, aende Dawati akaeleze alichokisikia siku ile. Kama mtoto yule sasa ni mtu mzima, amtafute kwanza yeye, amuulize anataka nini, na alifuate jibu atakalopewa.